Kusuka Upya Nyaya za Boti Kuukuu, kutoka Gereji ya Mbeya hadi Matema

Fundi umeme wa magari akikabidhiwa boti, jambo la kwanza linalompasa kulifikiri upya ni njia ambayo umeme hurudi betrini. Gari lina bodi ya chuma, na bodi yenyewe ndiyo hasi: unafunga upande mmoja wa taa kwenye bolti iliyo karibu, nao mkondo hujirudia wenyewe hadi betrini bila wewe kuupelekea waya. Boti ya faiba haina bodi ya namna hiyo. Kila taa, kila pampu na kila honi inahitaji waya wa kwenda na waya wa kurudi, na ule wa kurudi unastahili unene na uangalifu sawa na ule wa kwenda. Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya nyaya za malori na mabasi hapa Mbeya, na mambo mengi ninayoyasimulia yanatokana na tofauti hiyo moja, ambayo mtu aliyeisuka boti yetu kabla yangu hakuizingatia hata kidogo.

Boti yenyewe tuliinunua mimi na shemeji yangu, ambaye ana vyumba vya wageni huko Matema, mwisho wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Alitaka chombo cha kuwapeleka wageni Ikombe, kijiji cha Wakisi wafinyanzi wa vyungu, kilicho chini ya milima ya Livingstone mahali ambapo gari halifiki. Boti ilikuwa Dar es Salaam, juu ya trela yake, imekaa miaka bila kuguswa maji. Ganda lake la faiba lina urefu wa mita tano na nusu, lilitengenezwa Uingereza katika miaka ya 1970, na umbo lake ni la enzi ile ambapo watengenezaji, kwa kutoiamini sana faiba, waliimwaga kwa unene ambao leo hakuna anayeumudu kwa gharama. Injini ni ya nje, nguvu za farasi 40, ile ya kuchanganya petroli na oili. Tuliivuta kwa barabara kupitia Kitonga, Iringa na Makambako bila tatizo lolote, tukaiingiza gerejini kwangu, na vijana wangu wakaanza kutaniana kwamba sasa fundi amehamia kwenye meli.

Nilipofungua dashibodi nilikuta nyaya za vizazi vitatu au vinne vya wamiliki. Kulikuwa na nyaya za awali za kiwandani, zikafuatiwa na nyaya za nyumbani zenye uzi mmoja mnene wa shaba, kisha nyaya za spika, kisha tepu nyeusi iliyoyeyuka ikawa gundi. Hasi za taa zilifungwa kwenye bolti za kushikilia injini, kwa mazoea ya gari, kiasi kwamba mkondo wa taa ya mbele ulikuwa ukirudi kupitia chuma cha injini iliyozama majini. Alumini ya injini ikipitishwa umeme huku iko ndani ya maji, na hasa maji ya chumvi, huliwa haraka, na dalili zilionekana wazi kwenye mabano yake, yaliyokuwa na vishimo vyenye unga mweupe.

Nilianza kwa kupima. Betri nzuri niliyoifunga ilisoma volti 12.6. Nilipowasha taa ya omo, yaani ya mbele ya boti, kwenye tamino za taa ile nilipata volti 9.8. Karibu volti tatu zilikuwa zikipotelea njiani, na taa iliwaka kwa wekundu hafifu ambao usiku, ziwani, haungeonekana hata kwa mwenye mtumbwi aliye jirani. Nikaukata waya mmoja mwekundu ambao kwa nje ulikuwa bado unang'aa, nikamenya plastiki yake kwa kisu. Ndani shaba ilikuwa nyeusi, inavunjika vidoleni na kuacha unga mithili ya masizi ya chungu. Nikarudi nyuma shubiri moja nikamenya tena, hali ikawa ileile. Nikarudi dhiraa nzima, weusi ule ukaendelea. Maji ya chumvi hunywewa na nyuzi za waya kupitia mwisho uliokatwa, yakasafiri ndani ya plastiki kwa muda wa miaka, hata waya unakuwa umekufa urefu wote ilhali ngozi yake ni nzima.

Hapo ndipo nilipoamua kwamba hakuna waya wa zamani utakaobaki. Najua mafundi wengi, nami kwa gari nisingewalaumu, hutafuta mahali palipoharibika wakapakata na kuunganisha. Kwa boti iliyotoka baharini njia hiyo ni kupoteza muda, kwa sababu kiungo kipya kinafungwa kwenye shaba iliyokwisha kuliwa, na ukinzani unabaki palepale. Kabla ya kung'oa, hata hivyo, nilichora mchoro wa kila kifaa kilipo na kila waya unapopita, nikapiga picha kwa simu, nikaacha kamba nyembamba ndani ya kila bomba nilipovutia waya wa zamani ili iwe ya kuvutia mpya. Kamba zile ziliokoa kazi kubwa, kwani katika boti za aina hii sakafu imefungwa kwa faiba juu ya mabomba, na ukishapoteza njia huna budi kukata sakafu.

Waya unaofaa ni ule wa nyuzi nyingi nyembamba, kila uzi ukiwa umepakwa bati. Bati huzuia shaba isishikwe na weusi ule niliousimulia, na wingi wa nyuzi huuwezesha waya kuvumilia mtikisiko usiokoma. Pale Mwanjelwa, ambako kwa kawaida hukosi kipuri cha gari lolote, sikuupata. Ilibidi kuagiza Dar es Salaam. Shemeji aliona ni anasa, kwa kuwa Ziwa Nyasa ni maji baridi yasiyo na chumvi. Hoja yake ina ukweli, na kwa boti mpya isiyowahi kuonja bahari ningeweza kukubali waya wa kawaida wa gari ulio bora. Lakini mvuke, joto na mvua za Kyela, wilaya iliyomo Matema, vinatosha kuidhuru shaba tupu, na gharama ya waya ni ndogo ukiilinganisha na kazi ya kuuvuta mara ya pili.

Unene nao haukisiwi. Umeme wa volti 12 hauna ziada ya kupoteza, kwa hiyo fundi hupaswa kuhesabu njia nzima, kwenda na kurudi. Kwa viwango vya Baraza la Boti na Yoti la Marekani, ambavyo watengenezaji wengi huvifuata, vifaa muhimu kama taa za njia na pampu ya ngama, yaani ya kutoa maji yanayokusanyika chini kabisa ndani ya boti, visipoteze zaidi ya asilimia 3 ya volti. Vile vya starehe huruhusiwa hadi asilimia 10. Chukua pampu inayovuta ampea 4, yenye njia ya mita 11 kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita za mraba 1.5, upotevu ni takribani nusu volti, yaani zaidi ya asilimia 4. Kwa waya wa 2.5, upotevu hushuka hadi volti 0.3 hivi, ambao ni chini kidogo ya asilimia 3. Hesabu hiyo fupi ndiyo iliyoamua nikanunua roli la 2.5, na kwa taa nikazifunga za LED, ambazo kwa mwanga uleule huvuta sehemu ndogo tu ya mkondo wa taa za zamani.

Viungo nilivibana kwa koleo maalumu, kisha nikavivika soksi ya plastiki yenye gundi ndani, ile inayonywea ikipashwa moto na kuziba kabisa. Vijana wangu walishangaa kuona sikulehemu kwa risasi. Risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuugandisha waya ukawa mgumu kama kijiti mahali pamoja, na pale ugumu unapoishia ndipo mtikisiko wa injini huuvunja. Nyaya nazo zinatakiwa kushikiliwa kwa vibanio njia nzima, pasipite sentimita 45 bila kibanio. Fyuzi kuu ikae karibu sana na chanya ya betri, ndani ya sentimita 18, kwa kuwa kipande cha waya kilichoko kati ya betri na fyuzi ndicho pekee kisicho na ulinzi. Wakati huo waya wa zamani wa kuwashia injini ulikuwa hauna fyuzi wala swichi, umelala moja kwa moja juu ya tangi la petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauondoki kwa upepo, hushuka na kutuama kwenye ngama, ukisubiri cheche. Betri niliihamisha, nikaitengea sanduku lake upande wa pili wa boti, mbali na tangi.

Kabla ya nyaya kupita, palikuwa na kazi ya ubao wa nyuma unaobeba injini. Ndani ya faiba kuna plaiwudi, na maji yakipenya kupitia tundu la bolti isiyozibwa, plaiwudi huoza huku faiba ikibaki inang'aa. Ukigonga kwa mpini wa nyundo, palipo pazima panatoa mlio mkavu, palipooza panaitikia kwa sauti butu. Chini yote ya ubao wetu iliitikia kwa sauti butu. Tuliukata, tukaweka plaiwudi mpya ya gundi isiyoyeyuka kwa maji. Hapa hali ya hewa ya Mbeya ikatuwekea sharti. Resini ya faiba huganda kwa joto lake yenyewe likisaidiwa na kigandishi, na chini ya nyuzi 15 hivi kazi hiyo hudorora au isikamilike, ikabaki inanata. Ilikuwa Juni, na kwetu mwezi huo asubuhi mtu huona pumzi yake. Wapo wanaoongeza kigandishi maradufu ili kulazimisha, lakini resini ya namna hiyo huwa dhaifu na kupasuka. Tukawa tunaimwaga saa sita mchana tu, jua likiwa limekwisha kulipasha ganda, na jioni tunaifunika kwa mablanketi. Ningekuwa na gereji Kyela, kwenye joto la bondeni, kazi ile ingekuwa nyepesi.

Tofauti hiyo ya mwinuko ilijitokeza tena kwenye injini, tena kwa njia ambayo fundi wa pwani hangekuwa na sababu ya kuiwaza. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko karibu mita 475. Hewa ya Mbeya ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyorekebishwa pwani huku hutoa mchanganyiko wenye petroli nyingi kuliko hewa. Injini hukohoa, plaga huloa na kuwa nyeusi. Kishawishi ni kupunguza petroli hadi iungurume vizuri. Ukifanya hivyo kisha ukaishusha boti ziwani, kwenye hewa nzito, petroli inakuwa kidogo mno, na injini ya aina hii, ambayo hupata ulainisho wake kutokana na oili iliyomo ndani ya petroli hiyohiyo, hupata joto la kupita kiasi na pistoni ikatoboka. Kwa hiyo gerejini niliitazama tu kama inawaka na kama maji ya kupoozea yanatoka, nikaiacha ikohoe ilivyotaka. Nilibadilisha mpira wa pampu ya maji, ambao baada ya miaka ya kukaa hukauka na mabawa yake kujikunja, nikasafisha pointi za kuwashia, nikaweka kondensa mpya. Urekebishaji wa mwisho wa kabureta ulifanyika Matema, boti ikiwa majini imefungwa kwa kamba.

Jambo jingine la kuhama kutoka bahari kwenda ziwa ni kile kipande cha zinki kinachofungwa chini ya injini ili kiliwe badala ya alumini. Zinki ni ya maji ya chumvi. Katika maji baridi hujivika utando na kuacha kufanya kazi, injini ikaanza kuliwa huku kafara ikiwa nzima. Kwa ziwa hufaa magnesi, na kwa boti inayohamahama hufaa aina ya alumini. Ni kipande cha bei ndogo, na wauzaji wengi wa boti zilizotumika hawakitaji kabisa.

Nilipoishusha Matema kwa mara ya kwanza, nikiwa bado sijafunga mfumo wa pampu, mzee mmoja mvuvi alikuja akasimama pembeni akitazama. Nikamwamkia.

"Marahaba, fundi. Hii itakaa hapa hapa, au mtakuwa mnaipandisha nchi kavu?"

Nikamjibu kwamba itakaa majini, imefungwa.

"Mvua ya Machi ikinyesha usiku mzima, na wewe uko Mbeya na shemejio amelala, nani atafua ngama?"

Swali lile lilibadilisha mpango wangu. Nilikuwa nimechora pampu ipite kwenye swichi kuu, ili mtu akizima kila kitu, kweli kila kitu kizimike. Lakini Kyela hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na boti isiyo na paa hujazwa na mvua kabla haijajazwa na wimbi. Pampu ya ngama ikabidi iwe na waya wake, unaotoka betrini kupitia fyuzi yake pekee, bila kupita swichi kuu, ikiongozwa na swichi ya boya linalonyanyuka maji yakipanda. Kwenye dashibodi kuna swichi nyingine ya kuiwasha kwa mkono, na kitaa kidogo kinachowaka kila pampu inapofanya kazi, kwa sababu pampu inayofanya kazi mara kwa mara bila mvua inakuarifu kwamba ganda linavuja.

Hilo likazaa suala la betri. Pampu ya ampea 4 ikifanya kazi saa nyingi huimaliza betri, na betri ikiisha pampu inasimama wakati inapohitajika zaidi. Nikafunga paneli ya sola ya wati 20 juu ya kibanda cha omo, pamoja na kontrola yake. Jua la kutosha huipa betri zaidi ya ampea moja kwa saa za mchana, kiasi kinachotosha kufidia kazi ya pampu ya usiku wa kawaida. Paneli haipendezi juu ya boti ya miaka ya 1970, nakiri, na wapenda vyombo vya kale wangeikunjia uso. Wao hawalali Mbeya boti yao ikiwa Matema.

Taa za njia zina sheria zake, nazo ni zilezile duniani kote: nyekundu kushoto, kijani kulia, kila moja ikionekana kuanzia mbele hadi nyuzi 112.5 upande wake, na kwa chombo cha injini kilicho chini ya mita 12 inatosha kuongeza taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Mmiliki wa zamani alikuwa amebadilishana rangi. Anayekuja mbele yako gizani husoma unakoelekea kwa rangi hizo, na zikigeuzwa anakupisha upande ule ule unaoendea. Tulizijaribu jioni, mimi nikiwa nchi kavu na kijana wangu akiizungusha boti polepole mbele yangu, hadi nikahakikisha kwamba rangi mbili haziingiliani isipokuwa pale omo inaponielekea. Volti kwenye taa ya omo zilisoma 12.4.

Mzee yule aliziangalia akasema ni nzuri, lakini akaongeza kwamba mwera ukivuma, kuanzia Mei hadi Agosti, tusizitegemee taa, tutegemee kutokutoka. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 kutoka kusini hadi kaskazini, na upepo wa kusini una nafasi yote hiyo ya kukusanya mawimbi kabla ya kuyatupa Matema, penye milima inayosimama wima hadi majini na pasipo na ghuba ya kujificha. Shemeji aliliandika hilo kwenye daftari la wageni. Jaketi za kujiokolea tulizinunua kwa idadi ya viti, na boti ikakaguliwa kama TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, inavyotaka kwa vyombo vidogo vinavyobeba abiria.

Dashibodi ya zamani niliiacha. Swichi zake za shaba zilisafishika, na sasa kila moja inaamuru rilei tu, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme mdogo, mkondo mkubwa ukipita kwingine, kwa hiyo haziungui tena. Kipimo cha mwendo wa injini kilifufuka baada ya kufungiwa hasi yake halisi. Miaka yote ile kilikuwa kizima, kinakosa njia ya kurudi. Kipimo cha mafuta ndicho kilichonishinda, kwani boya lililomo ndani ya tangi limekatika na tangi limefunikwa na sakafu. Shemeji alitaka tuweke cha kidijitali. Nikamwambia tutakiweka siku tutakayolitoa tangi. Kwa sasa mshale unasimama kwenye nusu wakati wote, na tunapima kwa kijiti cha mwanzi kabla ya kung'oa nanga.